Wimbo ni ule, sauti si ile

Mtu akikwambia kuna huduma ya mtandaoni itakayokuwekea maktaba yako yote ya muziki juu ya wingu, muulize kwanza: itaweka nyimbo zangu, au itanipa zake? Mimi jibu la swali hilo nimelipata kwa kuishi nayo, nikiwa na kanda za ami yangu, kompyuta kuukuu na bando linalokwisha kabla ya mwezi.

Ami alikuwa na duka la kurikodia kanda Mchangani, hapa mjini Unguja, zama zile mtu akileta orodha ya nyimbo na kanda tupu ya dakika 90, jioni anarudi kuichukua imejaa. Kanda zilipokufa na duka likafa, lakini makasha hayakutupwa. Ndani mna kila kitu: taarab za Nadi Ikhwan Safaa na za Culture Musical Club, kasida, nyimbo za Misri, za filamu za Kihindi, na harusi za watu alizozirikodi mwenyewe. Miaka ya karibuni tukaanza kuziingiza kwenye kompyuta moja moja. Watoto wake wametawanyika, yuko wa Maskati, yuko wa Uingereza, yuko wa Wete, Pemba, na kila mmoja anataka kusikiliza. Kumpelekea kila mtu diski ni kazi isiyo mwisho, ndipo tukakubaliana kulipia huduma ya wingu inayolinganisha nyimbo. Jina lake silitaji, maana yaliyonipata humo yanaweza kumpata mtu kwenye huduma yoyote ya aina hiyo.

Wazo lenyewe si geni. Apple walianzisha yao, iTunes Match, mwaka 2011 kule Marekani, kwa dola 24.99 kwa mwaka. Walichosema ni hivi: nyimbo nyingi ulizonazo sisi tunazo tayari dukani, basi ya nini kila mteja apandishe faili ile ile? Programu inapita kwenye maktaba yako, wimbo inaoutambua inauandika kuwa umelingana, na siku ukiufungua kwenye simu unashushiwa nakala yao ya AAC, aina ya faili ya sauti kama MP3, ya kilobiti 256 kwa sekunde, hata kama yako ilikuwa MP3 mbovu ya kilobiti 128. Usiotambulika ndio unaopandishwa kutoka kwako. Kwa mtu aliyenunua CD zake madukani ni raha tupu. Maktaba nzima inafika juu bila ya kusubiri sana.

Kwa makasha ya ami mambo yalikwenda vyengine. Za Misri na za Kihindi zililingana nyingi, tena upesi. Bongo Fleva za vijana vilevile. Taarab ndiyo iliyobaki kwenye foleni ya kupandishwa, karibu yote. Hapa usimlaumu mtu kwa haraka. Hazina ya hizi huduma imejaa vilivyouzwa rasmi. Baadhi ya rikodi za vilabu vyetu zilitolewa Ulaya kwa santuri na CD tangu miaka ya 1980, na hizo utazikuta. Lakini kilichopigwa ukumbini au harusini, kikazunguka mitaani kwa kunakiliana kanda, nani alikipeleka huko?

Kwa hivyo piga hesabu kabla hujalipa. Kilobiti 256 kwa sekunde ni karibu megabaiti 2 kwa dakika. Taarab si wimbo wa dakika 3. Kuna dibaji ya ala, kuna kiitikio, kuna fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zinazopokezana, na dakika 12 zinapita mtu hajamaliza beti. Wimbo wa dakika 12 ni kama megabaiti 23, na nyimbo 1,000 za kiasi hicho ni gigabaiti 23, zote za kupandisha, na kwa intaneti ya simu kupandisha mara nyingi ni kuzito kuliko kushusha. Sisi tulifanya usiku, kwa bando la usiku, kompyuta tumeizuia isilale.

Tatizo la kwanza la maana lilitoka Maskati. Mtoto wa ami alinitumia ujumbe wa sauti: "Yakhe, wimbo ndio, lakini rikodi siyo. Ile ya baba ilikuwa na watu."

Nikafungua kwenye simu yangu nikasikiliza. Alikuwa na haki. Kanda ya ami ilirikodiwa ukumbini: vigelegele vinasikika, wanawake wanainuka kwenda kutunza, na mwimbaji kila akitunzwa anaurudia ubeti, kwa hivyo wimbo umevutwa mpaka robo saa. Kilichokuwa kinapigwa kutoka juu ni rikodi safi ya studio, kundi lile lile, wimbo ule ule, fupi, haina hata mtu anayekohoa. Ni sawa na kumpelekea dobi kanzu yako ukarudishiwa ya mtu mwengine, nzuri kuliko yako, tena imepigwa pasi. Utaivaa, lakini si yako.

Sababu yake ni hii. Kuna njia mbili za kulinganisha. Moja inasoma maandishi: jina la wimbo, jina la msanii, albamu. Nyengine inapima sauti yenyewe. Ya maandishi ni rahisi kuiendesha, ila haijui tofauti ya ukumbi na studio, maana majina yote mawili ni mamoja. Wala si sisi peke yetu tuliokutwa na haya. Apple Music ilipoanza mwaka 2015 ililinganisha nyimbo za wateja kwa maandishi, watu wakalalamika kuwa rikodi zao za jukwaani zimegeuka za studio, na mwaka 2016 ikahamia kwenye kupima sauti. Huduma yetu sisi, kwa tulivyoiona ikifanya kazi, ilikuwa bado inayategemea sana maandishi.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tuliutoa wimbo kwenye maktaba ya juu huku faili yetu ikiwa salama kwenye diski, tukabadilisha jina lake, tukaongeza neno "ukumbini" na jina la kanda, kisha tukaurudisha. Safari hii haukulingana na kitu, ukapandishwa kama ulivyo, vigelegele na vyote. Tangu hapo kila rikodi ya harusi au ya ukumbini inapata jina refu kabla haijagusa mtandao.

Lakini kilichonifunza zaidi ni kinyume cha hicho: nyimbo ambazo nilijua zimo kwenye hazina yao, kwa sababu kanda yenyewe ilinakiliwa kutoka CD ya dukani, na bado zikakataa kulingana. Nilisahihisha majina, nikahakikisha tahajia, hazikutikisika.

Ami ndiye aliyelitatua, wala kompyuta hakuigusa. Alikuwa amekaa barazani, mimi nasikiliza ndani kwa spika. Akaniita.

"Mwanangu, hiyo imekimbia."

"Imekimbia vipi, Ami?"

"Imekimbia. Kanuni haikai hapo. Hata huyo mwimbaji umemfanya kijana."

Ami alijifunza udi ujanani, na sikio lake halijazeeka. Kanda ya kaseti inatakiwa ipite kwenye kichwa cha deki kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mpira wa deki ukichakaa, au mtu akiuweka usiokuwa wake, au mota ikaharibika kidogo, mwendo unabadilika. Ukizidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima umepanda nusu sauti. Mtu asiyeujua wimbo hasikii lolote. Programu ndiyo inayokwama.

Programu haisikilizi kama tunavyosikiliza sisi. Inachora ramani ya wimbo, muda upande mmoja, uzito na wembamba wa sauti upande mwengine, kisha inachukua vilele tu, pale penye nguvu kuliko jirani zake, na kupima umbali wa kilele na kilele. Avery Wang wa Shazam, programu ya simu ya kutambua nyimbo, aliandika kuhusu njia hiyo mwaka 2003, na kila huduma ina mapishi yake, lakini msingi ndio huo. Njia hiyo inavumilia kelele vizuri sana. Ndiyo maana simu inautambua wimbo katikati ya daladala. Mwendo uliokwenda kombo ni habari nyengine. Kanda ikikimbia, vilele vyote vimehama, juu na pembeni kwa pamoja, na ramani nzima haifanani na ile iliyoko dukani. Kwa programu huo ni wimbo mpya.

Sasa utajuaje umekimbia kwa kiasi gani? Kwa sikio la ami ningeweza kukisia, lakini alinipa njia bora, aliyoijua tangu alipokuwa akitengeneza redio. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Mashine yoyote ya zamani ikirikodi, unabaki mngurumo mdogo wa umeme chini ya muziki, kwenye 50, au 100, au 150. Ukiipiga kanda kwa mwendo sahihi, mngurumo utakuwa pale pale. Ukiukuta kwenye 52, kanda imekimbia kwa asilimia 4. Nilitumia Audacity, programu ya bure, nikachukua sehemu ya kimya baina ya nyimbo na kuangalia mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti kwenye kila hezi. Palikuwa na vilima viwili vidogo: kimoja 50 kamili, ambacho ni mngurumo wa deki yetu wenyewe wakati wa kuingiza, na kimoja pembeni kilichokuja na kanda. Hicho cha pembeni ndicho kinachosema ukweli. Ukichukua cha kwanza utadhani kila kitu kiko sawa.

Baada ya hapo ni kugawa tu. Kama ni 52, gawa 50 kwa 52, unapata karibu 0.96, na huo ndio mwendo mpya wa wimbo. Tumia amri inayobadilisha mwendo na sauti kwa pamoja. Ile inayobadilisha mwendo ikaacha sauti ilipo itakuharibia zaidi. Nyimbo kadhaa zilizokuwa zimegoma zikalingana mara moja. Nyengine hazikulingana, kwa kuwa zilikuwa nakala ya nakala, na kila deki iliyopita imeongeza kosa lake.

Kwa kanda zilizorikodiwa Pemba hesabu hii ifanye kwa tahadhari. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika huko mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta, na jenereta ikilemewa inapunguza mwendo, na hezi 50 zinakuwa 49 au chini yake. Unguja nako, kisiwa kilipokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kila aliyekuwa na uwezo alinguruma na jenereta lake mwenyewe. Tuna harusi moja ya wakati huo ambayo mngurumo wake unapanda na kushuka kama pumzi. Hiyo tumeiacha kwa sikio la ami.

Majina nayo yana shughuli yao. Wimbo wa taarab una wenyewe wengi: aliyetunga mashairi, aliyetia muziki, mwimbaji na kundi. Programu inakupa kisanduku kimoja cha msanii na inataka umalize. Kibaya zaidi, juu ya kanda zetu mwandiko ni wa kila aina. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, kwenye kanda nyengine imeandikwa "Malindi" tu, kwenye nyengine "Ikhwani", na kwenye CD za Ulaya ni "Ikhwani Safaa Musical Club". Siti binti Saad, aliyekwenda kurikodi Bombay mwaka 1928, ana tahajia tatu kwenye makasha ya ami peke yake. Kila tahajia, huduma inaihesabu kuwa msanii mwengine. Nikifungua simu nilikuwa naona Siti watatu, na mmoja wao ana wimbo mmoja.

Tuliamua hivi: kundi linakaa kwenye msanii wa albamu, mwimbaji kwenye msanii, mshairi na aliyetia muziki kwenye mtunzi, na jina la kanda kwenye albamu. Palipokuwa na shaka ya mwimbaji tukaacha wazi, maana jina la uongo likishasambaa kwenye simu za ukoo mzima halirudi. Zile za Misri zilikuwa na maradhi yao: faili za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mfumo wa zamani wa Windows zilitoka vibambo visivyosomeka. Hizo unaziandika upya kwa mkono, hamna njia ya mkato niliyoipenda.

Halafu kuna zile alama ndogo zinazokaa pembeni ya kila wimbo. Watu wengi hawaziangalii, na ndizo zenye habari yote. Umelingana: unasikia nakala yao. Umepandishwa: unasikia yako. Nakala: huduma imeshauona mwengine kama huo kwenye maktaba yako. Haustahili: usipoteze muda kusubiri, una kasoro ya umbo. Kila huduma ina mipaka yake. iTunes Match, kwa mfano, haipokei faili inayozidi megabaiti 200 au saa 2. Harusi ya saa 3 iliyorikodiwa bila kukatishwa itagonga mlango mpaka kesho. Tulizikata kwa nyimbo, na kwa kweli hata wasikilizaji walishukuru.

Alama ya "inasubiri" ndiyo iliyotutesa. Foleni ilisimama, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nikatoa nusu ya nyimbo zilizokuwa zikisubiri, ikasimama vilevile. Nikatoa nusu ya zilizobaki, ikatembea. Basi mbaya yumo kwenye kundi nililolitoa mwisho. Nikaendelea kugawa mpaka nikamfikia: faili iliyokatwa na umeme wakati wa kuhifadhiwa, ina jina na haina sauti. Moja tu, na nyuma yake zimepanga mstari mamia.

Mtoto wa dada yangu alijaza simu yake kwa michezo, akahitaji nafasi, akaingia kwenye nyimbo za babu akaanza kufuta. Kwenye huduma hizi kuna kufuta kwa aina mbili, na vitufe vyake vimekaa pamoja. Kimoja kinaondoa nakala iliyoshushwa kwenye simu yako, wimbo unabaki juu. Cha pili kinauondoa kwenye maktaba, na maktaba ni moja kwa watu wote wa akaunti ile. Maskati wakaamka asubuhi hawana kasida. Zilirudi jioni ile ile, kwa kuwa faili zetu hazikuwahi kutoka kwenye diski; lakini jirani yetu mmoja alikuwa amefuta zake za kompyuta ili apate nafasi, akiamini kuwa ziko juu. Kwa nyimbo zilizolingana alirudishiwa za dukani. Za kwao harusini alizozifuta juu na chini hakurudishiwa kitu.

Ami aliwahi kuniuliza swali ambalo wauzaji wa huduma hawalipendi: "Na wakifunga duka?" Nikamtajia Google Play Music, iliyokuwa ikikuachia upandishe hadi nyimbo 50,000 bure, ikafungwa mwaka 2020. Wateja walipewa nafasi ya kuhamia YouTube Music au kushusha vyao, na asiyefuatilia tangazo alivikosa. Akacheka, akasema yeye alipofunga lake aliweka makasha darini.

Kwa hivyo wingu tunalitumia kusikilizia tu. Rikodi za asili ni WAV, hazijabanwa wala hazijasahihishwa mwendo, kwenye diski mbili, moja hapa mjini na moja Wete, na kila moja ina daftari la kanda gani imetoka wapi. Nakala iliyosahihishwa ndiyo inayopanda.

Kilichobaki sasa ni kesi ya yule wa Uingereza. Yeye amefungua akaunti yake mwenyewe kule, akaingiza faili zile zile nilizompelekea, na matokeo yake hayafanani na yetu: nyimbo za Kihindi zilizolingana huku, kwake baadhi hazimo, na taarab mbili tatu zilizopandishwa huku, kwake zimelingana. Hazina ya kila nchi inafuata leseni za nchi hiyo, na hilo mimi sina ufunguo wake. Ninachoweza ni kumwandikia majina mapya zile zilizobadilika rikodi, na wiki hii ananisubiri nimalize kanda za maulidi.